Makopo ya Vumbi ya Fundi

Kitu cha kwanza kilichonifanya nimshuku Fundi ni dirisha.

Alikuja kuniomba chumba cha uani, kile nilichokuwa nikiwekea kuni na magunia ya mbaazi, na kabla hajauliza hata maji tunateka wapi, akaomba ruhusa ya kutoboa ukuta. Nikamwambia chumba kina dirisha, hilo hapo juu. Akaliangalia kwa adabu. "Lipo, mama, nashukuru," akasema. "Lakini mimi nataka la hapa." Akajigonga kiunoni. Liwe refu kama kitanda, upana wake shubiri moja, na liangalie linakotoka jua. Ebo! Mimi nimeishi Ukunda tangu barabara ya hoteli ni ya mchanga, na sijaona mtu akitoboa dirisha kiunoni. Dirisha la kichwani ni la hewa na la kuchungulia mvua. La kiunoni ni la kupitishia vitu.

Nilimkubalia kwa sababu miaka ile wageni walikuwa wamekatika. Hoteli za Diani zilikuwa zinafungwa moja baada ya nyingine, wafanyakazi wanarudi makwao na magodoro vichwani, na chumba changu kilikuwa kinaliwa na mchwa. Nilimkubalia, lakini jicho nililiacha wazi.

Nisijifiche: mimi ni mtu wa kushuku. Marehemu mume wangu alikuwa akisema nikipewa maji ya kunywa nitauliza mtungi umeoshwa na nani. Sawa. Lakini mwenye kunilaumu aniulize kwanza habari za Bakari. Bakari ni mdogo wangu, tumbo moja, na mama yetu alipokuwa anakata roho alinishika mkono akaniambia, "Huyu nakuachia." Alikuwa na kazi nzuri kwenye boti za kioo, zile za kuwaonyesha wageni samaki. Kisha akaanza kuvuta unga mweupe huko Mombasa, halafu akaacha kuvuta akaanza kujidunga. Sitaki kueleza sana. Nitasema tu kwamba nilimfuata mara tatu, na mara ya tatu nilimrudisha hawezi kusimama, nikamlaza sebuleni kwangu nikakaa mlangoni majuma mawili ili asitoke. Alipoinuka nikaapa mbele ya Mungu kwamba kitu kile hakitaingia uani kwangu nikiwa hai. Fundi aliponijia na dirisha lake la kiunoni, Bakari alikuwa na miezi minne tu tangu ainuke.

Sikumwuliza Fundi ni mtoto wa nani, na nilipomwuliza kwao ni wapi nilijuta. Kiswahili chake kilikuwa cha pwani, kimenyooka, hakikati neno. Lakini siku moja angesema amekulia Vanga, siku nyingine Lamu, siku nyingine melini. Nilipombana akacheka akasema, "Kote huko nimekula, mama." Mtu mwenye kwao pengi mimi namhesabu hana kwao. Jina lake alinitajia mara moja, siku ya kwanza, sikulitumia. Kila mtu alimwita Fundi, na mimi jina la mtu nisiyemwamini la nini?

Kazi yake aliniambia ni kutengeneza mbao za mawimbi. Ni zile ndefu ambazo wageni vijana husimama juu yake, wimbi likawasukuma kuja pwani, na siku hizo vijana wetu wa ufukweni nao walikuwa wameanza kuzitamani. Haya. Nikangoja kuona mbao. Kilichoingia uani ni mkokoteni uliobeba mapande ya povu gumu, rangi ya maziwa yaliyolala, lile linalojazwa ndani ya kuta za vyumba vya barafu. Hoteli moja iliyofungwa ilikuwa imekibomoa chumba chake, naye akayaomba yale mapande. Akaniambia anayagundisha ubavu kwa ubavu na kaukanda kembamba ka mti katikati, anakata, anachonga, anapiga msasa mpaka linatokea umbo, kisha anafunika kwa kitambaa cha faiba na ile dawa ya kutengenezea boti. Ubao wa povu! Nikaitikia, nikarudi zangu jikoni kufikiri.

Maana hebu niambie, wewe ungefikiri nini? Mtu amejifunga kitambaa puani. Mlango anaufunga jua linapochomoza tu, saa ambayo mimi nakaanga mahamri ya kuuza na namwona kila apitaye. Vijana wa ufukweni wanakuja, wanainama kwenye lile dirisha, wananong'ona, wanaondoka. Ndani kuna harufu ya kupasua kichwa. Kuna nyembe. Na yeye mwenyewe akitoka ni mweupe nyusi, kope, mpaka vinyweleo vya mikono. Akienda kuoga anarudi na miaka kumi pungufu.

Mpangaji wangu wa chumba cha mbele aliitwa Mutua, kijana wa bara aliyekuwa akihudumu mezani mpaka hoteli yake ikafungwa. Tangu hapo kazi yake ilikuwa kukaa kibarazani na kujua mambo. "Mathe, mimi nakuambia na roho safi," aliniambia asubuhi moja huku anamega hamri langu la pili. "Huyo buda ana kitu anauza. Hoteli nimeona mengi. Poda kama hiyo si ya bure."

"Umeiona wapi?"

"Si ni makopo yamejaa huko ndani! Yamepangwa kama ya duka."

Mutua alikuwa na mdomo, lakini hapo hakudanganya. Makopo yalikuwapo, kumi na kitu, ya maziwa ya watoto na ya kakao, yamepangwa rafuni, kila moja limechorwa alama kwa mkaa. Moja lilikuwa na samaki, moja mwezi mchanga, moja kitana. Nilisimama mlangoni na ufagio mkononi nijifanye nafagia.

"Fundi, makopo haya ni ya nini?"

"Ya vumbi, mama."

"Vumbi gani linawekwa koponi? Vumbi si la kufagiwa?"

"Hili halifagiwi." Akafunua moja akanionyesha, laini, jeupe. "Hili povu la chumba cha barafu lina mashimo. Mengine madogo kama kichwa cha pini. Huwezi kuyaacha, dawa itadidimia humo. Sasa unayaziba kwa nini? Kwa vumbi lake mwenyewe, na gundi kidogo sana, kama unavyotia chumvi. Ukizidisha gundi, kiraka kinakuwa kigumu kuliko mwili. Msasa unakula mwili, kiraka kinabaki kimesimama kama chunusi."

"Na alama?"

"Kila ubao na vumbi lake. Povu hili si rangi moja, lingine limeona jua, lingine halijaona. Ukimziba huyu kwa vumbi la yule, ukipaka dawa linatokea doa, na doa hilo halitoki mpaka kiama."

Alieleza vizuri sana, na hapo ndipo nilipozidi kuogopa. Mwongo wa kawaida hujikwaa. Mimi mwenyewe nikisema uongo najikwaa, nakohoa, natafuta kitu cha kushika. Huyu alikuwa na jibu la kila kitu, na kila jibu limepigwa msasa. Nikaenda kumwambia Mutua, naye akatikisa kichwa akasema, "Umeona sasa?"

Kuna jambo la salamu nalo nilieleze. Alinizidi umri miaka kumi na tano hivi, na mimi nimelelewa. Mkubwa anapewa shikamoo yake hata kama ana madevu ya mbuzi. Mwanzoni nilimpa. Baada ya makopo nikaikata. Nikawa napita nasema "Hujambo, Fundi," hivyo tu, kavu, mbele ya watu. Yule mzee, wallahi, hakubadilika hata siku moja. Nikisema hujambo, ananiinamia kidogo kifua anajibu, "Marahaba, mama, marahaba." Nikasema labda hasikii vizuri. Siku nyingine nikapita kimya kabisa, nimekaza shingo. "Marahaba," akasema kutoka ndani, kupitia lile lile dirisha la kiunoni. Nilikasirika mpaka mafuta yakaungua.

Alikuwa mtu wa vituko, siwezi kukana. Shimo la kichwa cha pini kwenye povu lilimtia homa, lakini shati lake lilikuwa limechanika kutoka kwapani mpaka pindoni na hakuliona. Paa lilivuja juu ya kitanda chake mvua ile kubwa iliyokata barabara. Akahamisha ubao pakavu, yeye akalala kwenye maji. Bahari yenyewe hakuingia kupita magoti. Mutua alimkuta ufukweni, kijana mmoja anamwomba aje ajaribu alichokitengeneza kwa mkono wake, naye amesimama na suruali imekunjwa, anasema daktari amemkataza. Daktari gani? Kwangu alikuwa amesema amezama mara tatu akaokoka. Kwa Bakari alisema hajui kuogelea tu, basi. Mwongo wa mambo madogo, na mimi naamini hayo ndiyo mazoezi ya makubwa.

Hata kula kwake kulikuwa na mambo. Hamri hakulila mpaka alipasue alitazame tumbo. "Hili ni shimo zuri," ananiambia. "Moja tu, kubwa, linajulikana lilipo. Laiti povu langu lingekuwa hivi." Nilitaka kucheka. Nikajizuia, maana ukishacheka na mtu huwezi tena kumchunguza.

Halafu Bakari akaanza kuingia mle ndani.

Sikuambiwa. Niliona tu siku moja asubuhi, nimeinua karai, Bakari anakatiza uani na kanzu ya kulalia, mlango wa Fundi unafunguka, unafungwa. Saa nzima. Alipotoka vidole vilikuwa vyeupe na hapa chini ya pua palikuwa peupe. Nikamwita.

"Bakari, hapo puani pana nini?"

Akajifuta. "Vumbi, dada."

"Mle ndani unafuata nini?"

"Napiga msasa."

"Wewe? Na mikono hiyo?" Maana mikono yake tangu ainuke ilikuwa inatetemeka, chai nilimtilia nusu kikombe asijiunguze.

Akaitazama ile mikono, akaificha nyuma. "Ndiyo hiyo hiyo," akasema, akaingia ndani. Leo nikilikumbuka neno nililosema naona aibu. Siku ile sikuona. Siku ile nilikuwa nanusa nguo zake.

Ikawa kila siku. Nilisikiliza ukutani, sikusikia mazungumzo, nilisikia tu sauti ya msasa, shaa, shaa, na mara moja moja Fundi anasema, "Fumba macho. Pitisha kiganja. Macho yatakuambia unachotaka, mkono utakuambia kilichopo." Nikajiuliza mtu anafumbishwa macho ili asione nini.

Nadhani Fundi alijua nasikiliza, maana asubuhi moja alifungua mlango ghafla nikiwa pale pale na sikio. Hakushtuka. "Karibu, mama," akasema, "ingia uone dirisha lako linavyofanya kazi. Ingia upesi, jua halingoji." Bakari hakuwapo, nilikuwa nimemtuma sokoni makusudi. Nikaingia, ufagio mkononi.

Ubao ulikuwa umelazwa juu ya mapipa mawili yaliyotandikwa magunia, mbele ya ule mwanya. Jua lilikuwa ndiyo kwanza linachomoza na mwanga wake uliingia chini chini, ukalala juu ya povu kutoka ncha mpaka ncha. Nikaona. Subhanallah, niliona. Kitu ambacho jana mchana nilikiona laini kama yai, sasa kilikuwa kimejaa mashimo, na kila shimo lilikuwa na kivuli chake cheusi kidogo. Fundi akawa anayazungushia penseli haraka haraka, moja, jingine, jingine. "Mwanga wa juu unasamehe kila kitu," alisema. "Huu wa ubavuni hausamehe. Dakika ishirini, kisha jua linapanda na yote yanajificha." Akachukua kopo la mwezi mchanga, akachanganya vumbi na tone la gundi, akaziba shimo moja kwa kidole kidogo taratibu.

Nakiri, pale nilianza kulegea. Nilisema moyoni, mwanamke wewe umemdhulumu mzee wa watu. Nilikuwa hata nimefungua mdomo nimpe shikamoo yake.

Ndipo nikaona kijiko changu.

Kilikuwa kwenye kizingiti cha dirisha, kijiko cha chai, kile chenye ua kwenye mpini, nilichokitafuta Jumatatu nzima. Chini kilikuwa cheusi kwa moshi, na pembeni pana kipande cha mshumaa. Mwenye kuishi na mtu anayejidunga anajua habari ya vijiko. Bakari alipokuwa mbaya, nyumbani kwangu hapakuwa na kijiko kisicho cheusi tumboni. Nilivisugua kwa majivu nikilia. Nilifunga mdomo nikatoka, na Fundi nyuma yangu anasema, "Umeona, mama?" Nimeona, nilijibu, na nilimaanisha.

Ijumaa alipokwenda kuswali niliingia na ufunguo wa akiba. Kijiko hakikuwapo tena. Nikachukua kopo la mwezi mchanga, lile ambalo Bakari naye nilikuwa nimemwona mara mbili akilishika kifuani, nikalinusa. Halikunuka kitu. Nikajiambia unga mzuri ndivyo ulivyo, haunuki. Nikalipeleka choo cha wapangaji, kile cha shimo nyuma ya ua, nikalimwaga lote nikageuza uso, nikalitupa kopo kwenye takataka za jirani.

Alasiri alinijia jikoni. "Mama, hukuona kopo? Lile la mwezi."

"Sijaona." Nikakohoa, nikatafuta kitu cha kushika, nikashika mwiko.

"Basi litakuwa limepotea," akasema.

"Na mwezi ukiisha, Fundi, uniachie chumba changu. Nakihitaji."

Nilingoja aulize sababu. Nilikuwa nimeipanga yote, kijiko, dirisha, Bakari, ningemmwagia mpaka watu wajae. Hakuuliza. "Sawa, mama," alisema, "na Mungu akubariki kwa kunisitiri." Kesho yake asubuhi nikapita nimekaza shingo, na kutoka dirishani nikasikia, "Marahaba." Nikasema moyoni, mtu mwenye haki angegombana. Mwezi ulipoisha alipakia mkokoteni, akaziba lile dirisha kwa mawe na udongo vizuri kuliko ukuta wenyewe, akaondoka.

Siku ya tatu Bakari naye akafunga begi.

"Unakwenda wapi?"

"Kibuyuni. Fundi amepata kazi ya kutengeneza boti."

"Bakari, nilikiona kijiko. Usinifanye mjinga."

"Kijiko ni cha nta, dada. Mshumaa na nta ya nyuki na mafuta ya nazi kidogo, vinayeyushwa vinapakwa juu ya ubao mguu usiteleze. Anajaribu kidogo kidogo kwenye kijiko aone inavyonata. Ungeuliza."

"Ningejibiwa nini?"

"Hicho nilichokuambia."

"Na wewe ungekuwa mimi ungeamini?"

Akasema tu, akiwa tayari mlangoni, "Wewe kila ukinitazama unatafuta sindano. Yule alinipa msasa." Akaenda zake. Nilikaa chini pale pale kwenye kizingiti na mikono ina unga wa mahamri. Na Mwenyezi Mungu ananijua: hata pale, hata na machozi, kuna kijisauti kiliniambia nta, eti, nta! Jibu zuri lingine.

Karibu miaka miwili sikupata neno la Bakari. Nilijitia kiburi, nikasema aje yeye. Kisha mama mmoja wa Kikoneni, aniuziaye ndizi, akaniambia amesikia kuna mtu wa Ukunda, alikuwa wa boti za kioo zamani, ameokotwa Msambweni hajijui. Lini? Hakumbuki. Alipona? Hajui, kaambiwa na watu. Sikulala. Asubuhi sikukaanga kitu. Nilijifunga buibui nikaenda Kibuyuni, na njia nzima nilikuwa nikimgombeza Fundi moyoni: nilijua, nilijua, nilijua.

Nilimkuta ufukweni, kando ya mashua iliyopinduliwa. Alikuwa amezeeka, safari hii si kwa vumbi, na alikuwa na kikohozi. Amejijengea ukuta wa makuti peke yake, hauna chumba wala paa, na kiunoni mwa ukuta ule ameacha mwanya unaotazama mashariki. Nyuma yake mapipa mawili, magunia, na ubao.

Ulimi ukanitoka wenyewe. "Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mama," akasema. "Hiyo nilikuwa nimeshaijibu zamani."

"Bakari yuko wapi?"

"Ukunda hawajambo?"

"Hawajambo. Bakari yuko wapi?"

"Na Mutua?"

"Karudi kwao. Fundi, nakuomba."

Sikuweza kumtazama, nikautazama ubao. Ulikuwa umetumika, una mikwaruzo, na karibu na mkia, chini ya ile faiba inayong'aa, palikuwa na alama ya mwezi mchanga kwa penseli. Kando yake palikuwa na doa, ukubwa wa kifungo cha koti, rangi ya chai. Ubao mzima ulikuwa safi, doa lilikuwa moja tu. Nikaweka kidole.

"Hapo nilitumia vumbi la ubao mwingine," alisema Fundi. "Lake lilipotea. Huu ni wa Bakari. Aliupiga msasa wote yeye."

"Halikupotea," nikasema. "Nililimwaga mimi. Chooni."

"Najua."

"Nani alikuambia?"

"Choo chako. Mvua ilikuwa imejaza shimo mpaka karibu na juu, na vumbi lile halizami, mama. Lilikaa juu ya maji siku nne, jeupe. Nikienda linanitazama. Mutua akakusifu kwa kutia chokaa."

Nilicheka, nikasikia kicheko kinageuka kilio, nikakaa mchangani na buibui langu. "Siku nne! Na kila asubuhi unaniitikia marahaba! Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Ulimwaga kwa ajili ya ndugu yako." Akakohoa, akasubiri kikohozi kipite. "Na sitaki unione malaika. Amerudia, mama. Mara mbili. Ya kwanza alikwenda Msambweni, tukamtoa huko hajijui. Ya pili ilikuwa hapa hapa, na kijiko changu mimi. Sikukuletea habari kwa sababu niliona haya. Nilijiona najua kuliko wewe. Tangu siku ile nahesabu vijiko. Namnusa nguo akilala. Sasa ndiyo nimejua ulivyokuwa unaishi."

"Yu hai?"

"Yule pale."

Maji yalikuwa yamekupwa mpaka mbali, na huko kwenye maji ya kifundoni palikuwa na watu wameinama wanafunga mwani kwenye kamba, wanawake wengi na wanaume wachache, wadogo sana kwa macho yangu. "Yupi?"

"Anayenyoosha mgongo kila mara. Mvivu yule. Miezi saba sasa, salama."

Nikamtazama yule anayenyoosha mgongo. Sikuona uso. Niliona mikono inafunga fundo, inahama, inafunga fundo.

Fundi alikuwa na kipande cha povu kipya juu ya magunia na jua lilikuwa limeshaanza kupanda. Akachukua kopo chini ya ule ukuta wa makuti, la kakao, limechorwa kitana, akaninyooshea. "Nishikie hili, upepo huu mbaya. Hili usilimwage."

Nililipokea. Na nitasema kweli yote, maana nimeshasema nyingine: kabla ya kitu chochote nililifunua, nikaingiza pua, nikanusa. Nilipoinua uso, Fundi alikuwa ananitazama na kidole chake chenye gundi hewani. Nilitaka ardhi inimeze.

"Umefanya vizuri," akasema. "Mimi huyanusa yote, kila asubuhi."

Nikalishika kwa mikono miwili, mpaka Bakari alipotoka majini.